Pale Mpaka Unapokuwa Mwembamba

Mwanangu, katika siku zote nilizojaaliwa kuishi iko moja ambayo nikifumba macho inanirudia nzima, pamoja na harufu yake ya matope. Nilikuwa nimesimama ukingoni mwa mto ambao sikuwahi hata kuuota, katika mkoa ambao jina lake nilikuwa sijalisikia mwaka mmoja kabla. Mbali na Lushoto nilikozaliwa, mbali vilevile na Walthamstow, hapa London, nilikokuwa nikiishi. Mto wenyewe unaitwa Uruguay. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu kwa muda mrefu, na maji yalipita mbele yetu mekundu, mapana, yamebeba miti mizima na mizizi yake kama mtu abebavyo vijiti vya kuchokonolea meno. Ng'ambo ilikuwa nchi nyingine. Na huko ng'ambo, kwenye gati ya pantoni, palikuwa pametundikwa shuka jeupe.

Maana ya shuka lile nitakueleza. Kwanza nikwambie nilifikaje hapo.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo. Nilikuja Uingereza kusomea uuguzi, na nilipomaliza nikapata chumba kwa mama mmoja mjane, nyuma ya lile soko refu unalolijua. Aliitwa Ramona. Kwao ni Misiones, mkoa wa Argentina ulio kaskazini mashariki kabisa. Aliolewa na Mwingereza, akaja naye huku, akamzika huku, na hawakujaaliwa mtoto. Jina langu, Hawa, lilimpiga chenga, akaniita Eva. Nami nikamwita Mama Ramona, kwa maana mtu anayekuuliza kila jioni kama umekula huwezi kumwita kwa jina tupu.

Basi ikaja simu. Mama yake mzazi, Bi Albertina, aliyekuwa amevuka miaka tisini, alikuwa kitandani na hali yake si nzuri. Aliishi upande wa Brazili, kwa binti yake mdogo aitwaye Lourdes, kwani watu wa mpaka ule huoa huku na kuzikwa kule, na hakuna anayeona ajabu. Mama Ramona hakuwa amemtia mamaye machoni kwa miaka mingi. Moyo wake mwenyewe ulikuwa mgonjwa, miguu ikivimba kwa safari ya basi tu ya kwenda mjini. Akaniomba nimsindikize. Nikachukua likizo yangu yote kwa mkupuo, tukagongewa viza za nchi zote mbili, tukaruka.

Uitazame ramani siku moja, mwanangu. Mkoa ule ni kama ulimi uliotolewa nje ya kinywa. Argentina ndiyo kinywa, na ulimi umejipenyeza katikati ya Paraguai na Brazili. Magharibi kuna mto Paraná, mashariki mto Uruguay, kaskazini mto Iguazú. Karibu kila upande ukitembea utakutana na nchi ya watu. Ni kipande kidogo tu kule kusini kinachoushika mkoa na nchi yake. Na udongo! Nilipoteremka kwenye basi nikainama nikaushika, kwa maana ulikuwa mwekundu uleule wa Usambara, ule usiotoka kwenye soksi hata ufue kwa jiwe. Tukapita mashamba ya chai. Nilidhani macho yananidanganya. Chai, mwanangu, imepandwa kwenye miinuko na ukungu umeilalia kama kwetu, na watoto wa njiani wana nywele za rangi ya ndevu za mahindi, miguu yao peku na myekundu. Babu zao walitoka Poland, Ukraine, Ujerumani. Wao walikuwa wakiitana kwa Kireno ndani ya nchi ya Kihispania.

Tulifika mji mdogo wa El Soberbio, uliokaa ukingoni, tukakuta pantoni imefungwa kwa kamba. Mto ulikuwa umefura, na hakuna nahodha aliyethubutu kuuvuka. Kijiji cha Bi Albertina kilikuwa ng'ambo hiyo tu, nyuma ya kilima. Moshi wa majiko yao tuliuona. Simu nazo zilikatika kwa mvua, lakini kabla hazijakatika Lourdes alikuwa amemwambia dada yake hivi: kila asubuhi atatundika shuka jeupe kwenye gati. Likionekana, mama yu hai. Siku lisipotundikwa, basi.

Ndiyo maana ya lile shuka.

Mama Ramona akawa anaamkia ukingoni, na mchana tunamrudisha ndani alale. Mpwa wake, Anselmo, mtu mzima mwenye shamba la mate, yale majani wanayoyanywa kwao kama chai, alimletea kiti na mwavuli, naye akakaa pale akilitazama shuka kama mtu asomaye msahafu. Maji hayakupungua. Anselmo alikuwa mpole wa maneno. Siku ya tatu au ya nne akachuchumaa kando ya kiti, akamwambia shangazi yake kuwa ziko njia nyingine. Twende kaskazini, tuufuate mpaka hadi mahali ambapo hauna maji, tuvukie huko, kisha tushuke upande wa pili. Ni mwendo wa siku mbili, barabara ni tope, na kote huko hakuna simu wala shuka la kutazama.

Mama Ramona alinitafsiria, akanitazama. Nami nilikuwa muuguzi, mkono wangu ulikuwa kwenye kifundo chake nikihesabu mapigo, na mapigo hayakunipendeza. Nikasema tubaki. Nikasema hapa angalau kila asubuhi tunajua, na huko njiani hatutajua lolote.

Hakunikaripia kwa sauti. Alinivuta mkono nikae karibu. "Eva," akasema, "shuka lile linaniambia kuwa mama yu hai. Je, linamwambia mama kuwa mimi nimekuja?"

Nikaacha kuhesabu mapigo.

"Na jambo la pili. Wewe umeutazama mto huu mahali pamoja, ukadhani wote uko hivi. Mimi nimezaliwa kando yake. Nyanyuka tufunge mizigo."

Wazee wetu walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mimi nikajifunza siku ile kuwa hujui uchache wake pia.

Tukapanda pikapu ya Anselmo. Mama Ramona akakaa katikati yetu, miguu ameiweka juu ya begi langu. Msitu ulianza mapema, msitu mzito unaotambaa mpaka barabarani, na ndege wenye midomo mikubwa kuliko vichwa vyao wakakatiza mbele ya kioo. Ili kumsahaulisha yule mama, nikawa namuuliza Anselmo habari za mkoa wao, naye akajibu huku kibuyu cha mate kikizunguka kati yetu watatu na mrija wake wa chuma. Uchungu wa kinywaji kile, mwanangu, ni kama mwarobaini uliosamehewa kidogo.

Nilimuuliza mkuu wa mkoa wao aliteuliwa lini. Hakuelewa swali. Kumbe kwao hateuliwi. Wanaye gavana, wanampigia kura wenyewe, na anakaa Posadas, mji mkuu wa mkoa, kule kwenye mto Paraná. Mkoa una katiba yake, una baraza lake la kutunga sheria, una mahakama zake na polisi wake. Kila mji una meya na madiwani wake. Zamani, akasema, haikuwa hivyo. Mkoa ulitawaliwa moja kwa moja kutoka makao makuu kama shamba la bwana asiyeishi shambani, na wazee waliudai uhuru wa kujiendesha kwa muda mrefu kabla hawajaupata. Aliyasema haya huku akilalamika juu ya barabara, kwamba kumpigia kura mtu hakumfanyi alete kokoto. Nikacheka, maana hilo nililielewa bila tafsiri.

Mchana tulizama. Magurudumu ya nyuma yaliingia kwenye tope hadi katikati, na kadiri Anselmo alivyokanyaga mafuta ndivyo tulivyojichimbia kaburi. Mama Ramona alifumba macho. Rangi ya midomo yake ilinitisha, nikampa dawa yake, nikaomba dua zote nilizofundishwa chuoni nikiwa mdogo.

Kando ya barabara kulikuwa na kijiji cha Waguarani, watu wa asili wa nchi ile. Wakatoka wanaume kwa wanawake wamebeba mianzi, na mbele yao mzee mmoja mfupi, mkimya, ndiye kiongozi wao. Serikali ina gavana wake, nao wana wao, na neno lake ndilo linalosikika pale. Alisimama mbele ya dirisha la Mama Ramona akainua viganja vyote viwili, ndiyo salamu yao. Mama Ramona akainua vyake. Wakazungumza Kiguarani, lugha ambayo miaka yote ile ya Walthamstow sikujua kuwa anaijua. Baadaye alinieleza. Yule mzee alimuuliza aendako, naye akamjibu kuwa anamwendea mama yake upande wa pili wa mpaka. Mzee akasema binti yake ameolewa Paraguai na kaka yake anaishi Brazili, na kwamba wao hawakuuendea mpaka wowote, mistari ndiyo iliyowakuta hapo.

Wakati watu wakitandika mianzi chini ya magurudumu, mimi nilisikia watoto wakisoma kwa pamoja ndani ya kibanda cha shule. Nikachungulia. Walimu walikuwa wawili, mmoja akisema kwa Kihispania, mwingine akilipokea neno na kulirudisha kwa Kiguarani, na watoto walikuwa wakipita kutoka lugha hii kwenda ile kama mtu aendaye chumbani kuchukua kitu na kurudi sebuleni. Nilisimama mlangoni nikiwa nimelowa, mdomo wazi. Hawa walikuwa watu wachache, katikati ya msitu, wamezungukwa na mataifa matatu, na lugha yao ilikuwa nzima kama yai.

Walitutoa kwenye tope. Mzee hakutaka shukrani ndefu. Alimwambia Mama Ramona neno moja, naye akalitafsiri kwangu akiwa anatazama mbele: "Amesema nisikimbie, nifike." Nikamwambia hata kwetu yako maneno hayo hayo. Kawia ufike.

Tulilala njiani, na asubuhi ya pili tukaingia katika mji wa mwisho wa mashariki wa nchi ile. Hapo ndipo niliposhangaa mshangao ambao haujanitoka hadi leo.

Nilikuwa nimeutazama mpaka ule siku kadhaa ukiwa mto wenye ghadhabu. Tulipopanda kaskazini ukawa mto mdogo, kisha kijito, kisha hata kijito kikaisha juu ya mwinuko. Anselmo akazima gari mbele ya barabara yenye nyasi katikati, akasema ni hapa. Nikauliza hapa nini. Akanyoosha kidole kwenye nyasi. Upande wetu ulikuwa Argentina. Nyasi zikivukwa, Brazili. Huku kuna duka la mikate, kule kuna kinyozi. Vijana walikuwa wakicheza mpira, na mpira ulipokwenda nje ulikwenda nchi nyingine, na kijana akaufuata bila kuangalia nyuma. Mbwa alikuwa amelala kichwa huku mkia kule.

Ofisi ya uhamiaji ilikuwa hapo karibu. Askari akatazama pasi yangu ya Tanzania, akaigeuza, akaita mwenzake aje aione, wakatabasamu, wakagonga muhuri. Gari la Anselmo halikuwa na kibali cha kuvuka, kwa hiyo akatuaga. Mama Ramona alikataa kusukumwa kwa kiti cha magurudumu walichomletea. Akanishika mkono, tukatembea. Kwenye nyasi akasimama, mguu mmoja huku na mwingine kule, akahema.

"Kwa kitu hiki," akasema, "watu wamekufa vitani."

Kisha akaunyanyua mguu wa nyuma, na tukawa tumevuka. Kile kile kilichotuzuia kwa gharika, hapa hakikufika hata kwenye vifundo vya miguu yetu.

Tukapanda basi tukashuka kusini. Jioni basi likapita juu ya daraja refu, na chini yake maji mekundu. Nikamuuliza Mama Ramona mto gani huo. Akasema ni uleule, Eva. Huku juu unapita ndani ya nchi moja, kwa hiyo ni mto tu, watu wamejenga daraja na kusahau. Hakuna abiria aliyegeuza shingo kuutazama isipokuwa sisi wawili.

Tulifika kijijini kesho yake, jua linazama, kwa gari la jirani mmoja lililobeba mahindi. Tulikuja kutoka upande wa kilimani, mto uko mbele yetu chini. Na katika njia ya kutoka mtoni tukamwona mwanamke anapanda taratibu, na mkononi amelikunja lile shuka jeupe.

Mama Ramona aliliona kabla yangu. Uzito wake wote ukanijia begani. Nilimkumbatia nisimwachie aanguke. Tangu tulipoiacha gati nilikuwa nikiogopa kitu hiki, na sasa kilikuwa kinapanda kilima kutujia.

Yule mwanamke akatuona, akasimama, akaangusha shuka kwenye tope, akaja mbio. Alikuwa Lourdes. "Nilikuwa nalianua tu lisilowe," akasema kabla hajafika. "Naliondoa kila jioni. Yuko ndani. Anauliza kama umekula."

Sijui, mwanangu, kama umewahi kumwona mtu mzima akilia na kucheka kwa sauti moja.

Bi Albertina alikuwa mdogo kitandani kama mtoto. Mama Ramona alipiga magoti, akaanza kueleza kwa Kihispania kizuri miaka yote aliyopotea, kazi, mume, ugonjwa, bahari. Yule bibi akamsikiliza kidogo, kisha akamwekea kidole mdomoni. Akasema naye kwa lugha yao ya nyumbani, ile ya mpakani, Kireno kilichochanganywa na Kihispania na maneno ya Kiguarani. Aliyoyasema Lourdes alinieleza kwa mikono na kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. Alisema: "Maelezo ni ya wageni. Wewe njoo huku ulale karibu yangu." Na Mama Ramona, mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwenye nyumba London, akavua viatu akapanda kitandani kwa mama yake. Ng'ombe haelemewi na nunduye. Nikatoka nje nikafunga mlango.

Wenyeji wale walinipokea kama ndugu. Wajukuu waliniuliza kwetu wapi, nikataja mkoa wa Tanga, wakaangua kicheko hadi Lourdes akawafukuza. Kumbe kwao tanga ni kile kijinguo cha kufunika kiuno. Walipika uji mzito wa unga wa mahindi, nikaumega kwa vidole na kufinyanga tonge, wakanitazama, kisha mmoja mmoja wakajaribu.

Bi Albertina aliishi siku chache baada ya hapo, akilishwa na binti yake kijiko kwa kijiko. Aliondoka alfajiri moja, mkono wake ndani ya mkono wa Mama Ramona. Mto ulikuwa umeshapungua, na pantoni ikaanza kazi siku ileile ya maziko. Nikaona waombolezaji wakishuka kutoka Argentina, pantoni baada ya pantoni, wamevaa nguo nyeusi zenye matope mekundu mapindoni. Padri aliomba kwa Kireno, akarudia kwa Kihispania, na bikizee mmoja nyuma akaimba taratibu kwa Kiguarani, na hakuna aliyemgeukia.

Tulirudi kwa pantoni hiyo. Kabla ya kuondoka mkoani Anselmo akatupeleka juu kidogo ya mto, kwenye maporomoko ya Moconá. Maporomoko yote niliyowahi kuyaona hukata mto kwa mapana. Haya yanaufuata mto kwa urefu. Mto umepasuka ubavuni, na maji yanamwagika kutoka upande mmoja kwenda mwingine, mfululizo, kwa mwendo ambao jicho halimalizi, kando kando ya mpaka wenyewe. Anselmo akasema mto ukifura yote hufunikwa, mtu anaweza kupita juu yake asijue. Nilisema Subhanallah, nikaisema tena. Mama Ramona alikuwa ameketi juu ya jiwe, uso umelowa kwa mvuke, na kwa mara ya kwanza tangu ile simu nikaona mapigo ya shingo yake yametulia.

Alirudi na mimi Walthamstow, akaishi miaka mingine kadhaa. Mungu amrehemu.

Sasa, Rehema mwanangu, haya nimekueleza kwa sababu ya neno ulilonambia Jumamosi tukiwa sokoni tunachagua ndizi. Ulinambia: "Mama mkubwa, bibi nikimwona kwenye simu inatosha. Nikienda Lushoto nitaongea naye nini? Kiswahili changu ni cha kuomba maji tu." Ulisema nusu yake kwa Kiingereza, ukageuza uso nisikuone.

Bibi yako ndiye mama yangu. Amezeeka. Kuna siku ananitaja kwa jina la marehemu dada yake. Simu inakuonyesha kuwa yu hai, na hilo ni jema, lakini yeye macho yake hayaoni tena kioo kile. Haimwambii kuwa umekuja. Nasaha yangu ni hii. Unaposimama mbele ya jambo ukaona ni pana, lugha, aibu, miaka, maneno ambayo hukufundishwa na si kosa lako, usidhani ni pana kote. Lifuate. Liko mahali limekuwa jembamba kiasi cha hatua moja. Kwa bibi yako naijua sehemu hiyo: ni jikoni kwake. Kaa chini, mmenyee maharage. Atakuuliza kama umekula. Jibu la swali hilo unalijua kwa Kiswahili, na hata kwa Kisambaa nitakufundisha. Mengine atayaongea yeye, wewe utayasikia, kwa maana kusikia unasikia sana, nakujua. Wala usiende kama mtalii wa kwenu. Nenda kama mwenye nyumba aliyechelewa.

Mwenyezi Mungu akufungulie njia penye tope na penye lami. Akupe watu wa kukutandikia mianzi usiowajua majina. Akukutanishe na bibi yako angali anakumbuka kucheka. Na watoto utakaowazaa wawe na ndimi nyingi na moyo mmoja. Amina, mwanangu. Tiketi tuangalie kesho, nikitoka msikitini.